Nusu ya Nedyalka

Kijijini kwetu, huku milima ya Rodopi, ukiungua, ukikohoa au ukikosa usingizi, unabisha hodi kwa Nedyalka. Mimi jirani yake nimemjua tangu tukiwa wasichana. Mwanamke ni mbishi kupindukia, lakini kantarioni hajawahi kuikosea. Ni ua la njano la ukingo wa msitu, na yapo mengine mengi yanayofanana nalo ya kumzuga mtu. Yeye huinua jani kwenye mwanga aone vitundu vidogo, kama limechomwachomwa sindano. Kisha husugua tumba vidoleni. Likitoa maji mekundu, ndilo. Mafuta yake ni ya kuungua, chai yake ni ya moyo mzito.

Mwaka huu moyo mzito ulikuwa nyumbani kwake. Binti yake, Rumyana, alirudi kutoka Uhispania alikokuwa akitunza wazee, akajilaza na kuutazama ukuta. Hali, hasemi. Mama mtu akawa anakonda naye, na mimi nilikuwa naumia kuwaona.

Siku ya Enyo, sikukuu yetu ya mimea ya dawa katikati ya kiangazi, tulitoka kabla ya jua, kama tufanyavyo wote, kuchuma mimea sabini na saba na nusu. Sabini na saba ni ya magonjwa yenye majina. Nusu, bua moja lililovunjwa, ni ya ugonjwa usio na jina. Nedyalka akavunja bua la kantarioni.

"Hiyo si tunayo tayari, nzima?" nikamuuliza.

"Nyamaza! Kwani wewe una binti anayetazama ukuta?"

Nikarudi kuchuma.

Jioni ile akampikia binti yake chai ya kantarioni, na kila jioni iliyofuata. Baada ya siku chache Rumyana akaanza kutetemeka na kulowa jasho, moyo ukimwenda mbio.

"Ugonjwa unatoka huo," Nedyalka akasema, akamwongezea kikombe.

"Ita gari la wagonjwa, we mwanamke!"

"Nenda kachunge mbuzi wako."

Nikaliita mwenyewe.

Hospitalini daktari alimuuliza Rumyana anatumia dawa gani. Rumyana akamtazama mama yake, akaanza kulia. "Vidonge vya huzuni. Tangu Uhispania." Na kingine? "Chai ya mama." Daktari akasema vitu hivyo viwili havipaswi kukutana katika mwili mmoja, tena kidogo tu tungechelewa.

Aliporuhusiwa niliwapelekea supu. Nikawakuta wamekaa, hawatazamani.

"Kwa nini ulinificha, mwanangu?"

"Ningekwambiaje, Mama? Binti wa Kolyo, wa hapa kijijini, alipomeza vidonge hivi hivi ulimwita kichaa. Hapa hapa mezani. Ukacheka."

Nedyalka akainuka, akalishusha fungu la mimea ya siku ya Enyo alilokuwa amelitundika mlangoni.

"Daktari anauitaje huo ugonjwa?"

"Sonona."

"Sonona," akarudia polepole. Akachomoa lile bua lililovunjika, akalitia jikoni kwenye moto. "Basi una jina."

Kisha akajaza maji matupu kwenye bilauri. Akaokota kidonge kwa vidole vyake, bado vyekundu kwa matumba ya kantarioni, akakiweka kwenye kiganja cha binti yake.