Albamu ya Bon za Sukari

Kila mtu hapa mtaani kwetu Jabe ana namna yake ya kutunza bon za sukari, na karibu zote ni za kipumbavu. Jirani yangu huzichomeka kwenye Biblia, halafu siku ya sukari anazitafuta kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo huku foleni ikimpita. Mwalimu mwenzangu alizifunga kwa mpira akazitia kwenye ndoo ya mchele, panya wakazimaliza. Wengine huzikunja kwenye sidiria mpaka muhuri unafutika kwa jasho, wakifika dukani wanagombana na muuzaji. Mimi nilikuwa na albamu.

Sukari ilipoadimika Bujumbura, watu walifikia kuvutana nguo mbele ya maduka. Duka moja la mtaa wa Asiatique, la familia ya Kiarabu iliyokuwa ikiuza pale tangu enzi za babu zetu, lilianzisha utaratibu wake. Ukinunua kwao mchele, mafuta au sabuni, unapewa bon: kipande cha boksi la sabuni kilichokatwa kwa mkasi na kupigwa muhuri. Sukari ikifika, wenye bon ndio wanaopimiwa. Bon haina jina, aliyeishika ndiye mwenyewe. Tena haidumu, kwa sababu wakibadilisha rangi ya muhuri, zile za rangi ya zamani hazikawii kufa.

Albamu yenyewe ilikuwa ya harusi yangu. Mume wangu alinipatia mke mwenza, tukapelekana mahakamani, ndoa ikaisha. Nikatoka Mutanga Sud, nikaja kupanga Jabe na watoto, magodoro, na mama yake. Ndiyo, mama yake. Yule mwanamke mpya alisema nyumba haina chumba cha mzee. Nyumba hiyo nimeifagia mimi, vyumba vyake navijua. Dada yangu aliniambia msiba wa kujitakia hauna kilio, nami nikamjibu kwamba siwezi kumweka barabarani bibi wa watoto wangu.

Basi siku moja nikazitoa picha za harusi, nikazitia kwenye bahasha chini ya kitanda. Vile vifuko vya plastiki vilikuwa kana kwamba vimekatwa kwa ajili ya bon. Nilifurahi, sifichi. Pale bwana harusi alipokuwa akinilisha keki niliweka bon za muhuri mwekundu, ambazo ndizo zingekufa kwanza. Za bluu zikakaa mahali pa wasimamizi. Kurasa za nyuma, walipokuwa wakwe, nikaweka za kijani, zile changa. Mamamkwe alinitazama siku hiyo kama mtu aliyekuta kanisa limegeuzwa gulio. Kisha akaomba chai yake.

Wakati huo mama yangu alikuwa ameshafariki, na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Kwetu mwaka ukitimia tunafanya kuganduka, siku ya kumaliza kilio, ambapo ukoo na majirani wanakusanyika, maneno ya mwisho yanasemwa, na wafiwa wanaachiwa warudi kuishi kama watu wengine. Wengi humaliza kwa bia. Mama alikuwa mlokole, bia haikuwahi kuvuka kizingiti chake, na Fanta nazo zilikuwa zimeadimika kama sukari. Ingekuwa chai ya maziwa na maandazi. Ndugu zangu walipokaa kugawana kazi, kaka mkubwa alichukua viti na turubai, dada akachukua maziwa na unga. Kwa upande wa sukari wote walinigeukia mimi, mwenye albamu.

Nilikubali kwa moyo wote. Mama alikuwa na neno lake, kwamba mgeni asitoke kwake na mdomo mchungu. Hata mwaka ambao tulikosa mboga, mgeni alipata chai yenye sukari. Nilitaka siku yake ya mwisho kati yetu iwe vile vile. Nikaacha kuweka sukari kwenye uji wa watoto, nikalimbikiza bon. Nikamweka mamamkwe chini, nikamweleza kwamba hizi ni za mama yangu, zisiguswe. Akaapa kwa jina la Mungu.

Sukari ilifika katikati ya wiki. Mwenzangu wa foleni alinipigia simu nikiwa darasani, nikaomba ruhusa, nikapita nyumbani kuichukua albamu pale inapokaa juu ya kabati, nikaiweka kwapani mpaka Asiatique. Nilisimama kwenye foleni kwa raha, sikuwa na haja ya kuhesabu wala kutafuta. Zamu yangu ilipofika niliiweka juu ya kaunta, nikaifungua ukurasa wa kwanza mbele ya mtoto wa mwenye duka.

Nikajiona nimevaa shela, nacheka, mdomo wazi, nasubiri keki.

Nikafunua ukurasa wa pili. Wasimamizi. Nikafunua wa tatu, nikaona wakwe wamejipanga ngazini mwa kanisa. Waliokuwa nyuma yangu walisogea kuchungulia. Yule kijana alinitazama, akatazama picha, akaona haya kwa niaba yangu.

"Madame, bwana yako alipita asubui," akasema polepole. "Ameleta bon zenu zote, tukamupimia. Mi nilizani mumetumana."

Nikamwambia mimi sina bwana. Aliifunga albamu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema gunia lililobaki ni la wenye bon. Sikumlaumu. Utaratibu ule niliusifu mimi mwenyewe kwa kila mtu.

Nilirudi Jabe kwa miguu nikiwa na hasira ya kuweza kumpiga mtu. Mamamkwe alikuwa mkekani anachambua maharage. Nilimuuliza bon ziko wapi. Hakuinua kichwa.

"Nimemupa mutoto yangu. Siku ya posho, Jumamosi, anaenda kuomba bibi. We unataka bakwe wanywe mayi?"

"Na kilio ya mama yangu?"

"Mama yako alishakufa. Ye hataona haya tena."

Nilikaa mkekani karibu naye. Nikamuuliza basi picha zilikuwa za nini. Akanijibu, kwa upole hasa, kwamba albamu ikiwa tupu ni mkosi, ndiyo akazirudisha mahali pake. Kweli alikuwa amezirudisha mahali pake, kila moja, kutoka kwenye keki mpaka kanisani. Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiiangalia.

Jumamosi hiyo alivaa kitenge chake kizuri, akapanda teksi iliyotumwa na mwanawe, akaenda kumwombea mke, yuleyule aliyemkosesha chumba. Alirudi jioni ananukia marashi. Nilimwandalia chakula, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Sukari ya magendo sikuiweza. Kaka alitafuta, dada akatafuta. Kuganduka kwa mama yangu kulifika Jumamosi iliyofuata bila hata kijiko kimoja. Tuliwagawia watu chai ya maziwa na maandazi yasiyo na ladha. Mchungaji alionja, akaweka kikombe chini, akasema ndiyo dunia ya leo. Wengine walimeza kwa adabu na kutusifia turubai. Dada yangu alinitazama, hakurudia methali yake, na heri angeirudia. Nililia kuliko siku ya maziko, watu wakadhani namlilia mama.

Mamamkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele, maana ni mzee, na wazee hawakai nyuma. Nilimpelekea kikombe mwenyewe. Alikipokea, akaonja, akakunja uso. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa kifuko kidogo cha nailoni kilichokazwa kwa uzi, akamimina sukari kikombeni mbele yangu na mbele ya ndugu zangu. Aliniomba kijiko. Nikampa.

Alikoroga taratibu, akanywa, akaniambia chai ni nzuri.