Maharagwe ya Kitale na Maharagwe ya Bungoma

Juzi mwalimu wa bayolojia alitugawia maharagwe na pamba, na darasa zima likanigeukia. Wananijua. Mimi ndiye huuliza kama jaribio likifeli tunaweza kulipika, na ile mifupa ya maabara iliyovalishwa tai ya shule, usiulize ni nani. Deskimeti wangu, tunayeketi dawati moja, alishaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Lakini ile harufu ya pamba iliyoloweshwa ikanipanda puani, nikainamia daftari.

"Bro, uko sawa?" deskimeti akaniuliza.

Nikamwambia ni mafua. Wewe nitakwambia ukweli, maana wewe unajua mahali pa kucheka.

Mama yangu hufundisha chekechea hapa Kitale, na zamani hakujua kuiacha kazi yake kwa geti la shule. Kwetu yai halikuchemshwa kabla ya kuzama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi. Pilipili manga ilinyunyizwa juu ya sahani ya maji, tukagusa katikati kwa kidole chenye sabuni, na pilipili zote zikakimbilia ukingoni kama wanafunzi waliomwona mwalimu wa zamu. Siku ya magadi na limau tulifinyanga Mlima Elgon mezani, ule ule tuliouona dirishani asubuhi zisizo na mawingu, nao ukatapikia kitambaa cha wageni. Baba alikuwa mtu wa barabara, mara Suam mara Lwakhakha, huko mpakani, na mahindi yake, na akirudi alikuta mishumaa yote imebaki vipande, tumeifunika kwa gilasi kuona moto ukikosa hewa.

"Naishi na wanasayansi," alisema. "Lakini chakula ndio hakuna."

Hata likizo mama hakupumzika. Krismasi moja kwa nyanya yetu wa Bungoma, ambaye sisi tunamwita Kukhu, mama alitupanga jikoni tukabandika mashavu kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Baridi tamu. Akatuambia mtungi hutoa jasho kama mtu, na jasho likikauka linaondoka na joto, ndio maana hata sakafu ya pale nyuma yake ni ya baridi. Mdogo wangu alikaa na shavu pale mpaka Kukhu akamwuliza kama anataka kuolewa na mtungi.

Huyo mdogo wangu ndiye nataka kukwambia habari zake. Hakuwa na meno ya mbele, na maswali yake yalimshinda hata mama. Alikuwa na sikoseli, ugonjwa wa damu. Mama alitueleza kwa bua la mpapai, lile lenye tundu katikati. Alimimina mtama, ukapita wote. Akamimina vipande vya maganda ya njugu, vile vilivyojikunja, vikakwama njiani. Hivyo ndivyo ilivyo damu yako, alimwambia, na baridi ndiyo hulibana bua zaidi. Mdogo wangu akalichukua lile bua, akalipuliza, maganda yakaruka hadi kwenye sufuria ya chai.

"Si unapuliza tu," akasema.

Kitale unaijua, bana. Mwezi wa Julai hata ng'ombe anatoa moshi mdomoni. Kila msimu wa baridi tulikuwa hospitalini, yeye akilia miguu, mama akimkanda. Mwishowe daktari akashauri apelekwe mahali pa joto, na Kukhu anakaa upande wa Bumula, huko huko Bungoma, kwenye joto la kutosha. Akapelekwa. Mimi nikabaki na kitanda kizima peke yangu na sikukipenda. Kila jioni alipiga kwa simu ya Kukhu na swali lilikuwa moja: nakuja lini nyumbani?

Mama akachoka kujibu kwa maneno, akajibu kwa njia anayoijua. Mikebe miwili ya majarini, pamba sawa, maharagwe sawa, maji kijiko kimoja kila asubuhi. Mkebe mmoja dirishani kwetu, mwingine dirishani kwa Kukhu. Alitaka tuone kwa macho kwamba hata mbegu huona Kitale ni baridi. Mdogo wangu akauliza kwa simu, na ya Kitale ikitangulia?

"Ikitangulia, utakuja wikendi moja," mama akasema, kama mtu anayeahidi kununua ndege.

Nilikaa na ule mkebe kama kuku anayeatamia. Kila jioni tulipeana ripoti.

"Niaje, mkulima. Ya kwako?" aliniuliza.

"Imelala."

"Na ya kwangu ndio inakoroma," alisema, na nilimsikia akicheka mkono ukiwa mdomoni. Sikujiuliza mtu anayeshindwa anacheka nini.

Ya Kitale ikaota kwanza, kikono cheupe kikichungulia. Nilipiga kelele hadi jirani akaja. Mama aliinama akaiangalia kwa muda mrefu, hakucheka. Lakini hakuwahi kutudanganya kwenye jaribio. Baba akaenda kumchukua, naye mdogo wangu akafika amevalishwa masweta mpaka mikono haikunji. Wikendi moja tu.

Ilikuwa wikendi nzuri, nisikudanganye. Jumapili ikanyesha mvua ya mawe. Akasimama mlangoni, akaomba punje moja tu, akaishika kiganjani akiitazama ikiyeyuka. Mama alimfuta mkono haraka, akampeleka karibu na jiko. Jumatatu alfajiri miguu ikaanza kuuma, halafu kifua. Hospitalini walifanya yote ya kufanywa. Jioni mama alirudi ameshika masweta.

Tulimzika Bungoma. Mama hakulia, hakula. Aliyemkaribia alimsikia akirudia jambo moja, kwamba alimleta mtoto kwenye baridi kwa sababu ya maharagwe. Siku ya mazishi Kukhu alikuwa akisogeza mtungi apate kuwachotea waombolezaji maji, akatoa kitu nyuma yake. Ule mkebe. Maharagwe yalikuwa yameota gizani, marefu, meupe kama minyoo.

"Haya mahalagwe yalifuata nini huku?" akamwuliza mama, kwa kile Kiswahili chake ambacho L hukalia kiti cha R. "Mimi niliyaweka dilishani. Siku ya pili mtoto akaniambia ameyahamisha, ati kuku watadonoa."

Mama aliupokea ule mkebe. Akaugusa mtungi kwa kiganja. Halafu akacheka, rafiki yangu, kicheko chake cha jikoni kwetu, mbele ya wazee na kwaya, watu wakaanza kutazamana.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Nyuma ya mtungi, penye baridi. Nilimfundisha mimi."

Kile kicheko kikageuka, na hapo ndipo alipolia. Akina mama wa kanisa wakamshika.

Tangu hapo kwetu yai huchemshwa tu. Meza haina mlima, mishumaa inaisha kwa kuwaka. Mama bado ni mwalimu, wanasema ni mzuri, lakini kazi yake sasa inabaki getini. Mimi ndio nikawa wa vichekesho, maana lazima mtu awe na kelele nyumbani.

Mtungi wa Kukhu ulipasuka mwaka jana, siku hizi anatumia ndoo ya plastiki na maji yake ni vuguvugu. Kwenye simiti umebaki mduara mkubwa, na kando yake kaduara ka kutu, upana wa mkebe wa majarini. Likizo iliyopita nilimsaidia kupiga deki. Nilipofika pale akaniambia nipite pembeni. Yeye hupita pembeni kila siku.