Mama Mkwe na Shajara Yangu

Nilianza kuandika shajara nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la maua kule Usa River. Nilikuwa nashinda nyumbani Sekei, na siku zilifanana mno. Kila jioni nikishabandika maharage nilikaa mezani nikaandika: mlima umejifunika, nimefua, jirani kachinja kuku. Ndiyo hayo tu.

Kisha mama mkwe akashuka kutoka kwao Umeruni kuja kutibiwa goti, akakaa kwetu. Jioni ya kwanza aliponiona na kalamu, aliacha kuchambua mboga za mnafu.

“Unaandika nini, mwanangu?”

“Mambo ya leo, mama.”

“Leo kumetokea nini?”

“Hakuna.”

“Na umejaza ukurasa.”

Tangu hapo, nikifungua daftari alikuwa akinyamaza. Akiongea na dada yake kwenye simu walitumia Kimeru. Mimi ni wa Rombo, naambulia neno moja moja, ila “daftari” nililisikia vizuri. Nami nikaanza kumchunguza. Nikalificha kabatini chini ya vitenge. Siku moja nikalikuta limelala juu ya vitenge.

“Mama anasoma shajara yangu,” nikamwambia mume wangu.

Akacheka. “Anadhani unamwekea ushahidi. Siku mkikosana, utamsomea mbele ya ukoo.”

“Na wewe unadhani nini?”

“Si ungeandika tu kwenye simu, kama watu wengine?”

Kesho yake, mume wangu alipokwenda kazini, nililiweka daftari mbele ya mama. “Soma mwenyewe, mama.”

“Miwani yangu haifai. Nisomee.”

Nikasoma. Mvua. Mama kaamka na maumivu. Tumekula ndizi kwa maziwa. Umeme umekatika. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama yuko kanisani.

“Siku niliyosema chai yako ni maji matupu, umeandikaje?”

Nikapekua. “Sikuandika.”

“Nilisema mbele ya jirani. Ulikasirika, nilikuona.”

Ni kweli nilikasirika, hata usingizi ulinipaa. Lakini nilipotafuta sababu ya kutoliandika, sikuiona. Labda niliona halikuwa jambo. Labda niliogopa lisomwe.

“Basi,” alisema polepole, “kuna daftari lingine.”

“Hakuna, mama. Haki ya Mungu.”

Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemkubalia mtoto ambaye mdomo wake bado una sukari.

Goti lilipopata nafuu alirudi kwake. Alituombea, akanikumbatia kwa muda mrefu, na nikaona ananipenda kweli. Mlangoni akamgeukia mwanawe, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie:

“Mkeo ni mtu mwema. Lakini lile lingine, litafute.”

Tulicheka wote watatu. Wiki hiyohiyo niliingia chumbani asubuhi nikamkuta mume wangu amechuchumaa, mkono wote umezama chini ya vitenge vyangu. Alisema anatafuta soksi. Viatu alikuwa ameshavaa.