Jumamosi za Mama Bendera

Kabla ya chama, klabu tatu za pembeni mwa ziwa zilishindanisha mashua zao za matanga kila moja kwa kanuni zake, na kila shindano liliisha na washindi watatu na ugomvi mmoja. Wakubwa wao walipochoka kutukanana, wakaunda chama cha ukanda mzima: kanuni moja, ratiba moja, na mtu mmoja wa kupandisha bendera na kupiga honi ya kuanza. Sharti asiwe wa klabu yoyote. Wakatazamana weee, kisha wakamgeukia fundi cherehani aliyekuwa mlangoni, amewaletea bendera alizowashonea.

"Dada, wewe uko klabu gani?"

"Mimi? Hata kuogelea sijui."

Kazi ikawa yake. Tangu hapo akaitwa Mama Bendera, na Jumamosi zake zikaliwa na mashindano. Alisimama kwenye boti ya waamuzi, jua lake, mvua yake, bega likimuuma kwa kuvuta kamba, huku watu wazima wenye heshima zao wakimfokea kwamba fulani kavuka mstari kabla ya honi. Harusi za wapwa zake alizifikia vyombo vikioshwa. Kila mkutano mkuu aliomba kupumzika, mwenyekiti akauliza nani atampokea, ukumbi ukanyamaza, na yeye, asiyeweza kuvumilia kimya, akasema, "Haya, mwaka mmoja tu." Wakampigia makofi.

Safari hii aliapa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amestaafu baada ya kuishi barabarani, na alichotaka ni kukaa naye Jumamosi, basi. Mzee mwenyewe akamsindikiza mkutanoni.

"Ukifungua mdomo nakufinya."

"Finya, mume wangu, hata damu itoke."

Mwenyekiti akauliza. Kimya. Feni ikasikika. Kila mwanachama akakagua viatu vyake. Mwenyekiti akasema kwa huzuni kwamba basi, huenda kila klabu irudi kwenye mambo yake. Machozi yakamlenga Mama Bendera, kwa maana alikipenda chama kile, lakini akauma meno na hakusema neno. Alikuwa ameshinda.

Kando yake kiti kikakwaruza sakafu.

"Jamani, niandikeni mimi," alisema mumewe. "Mimi pia sina klabu."

Makofi yakajaa ukumbini. Mama Bendera akamfinya kwa nguvu zake zote.

"Sasa ningefanyaje?" mzee akanong'ona, jasho likimtoka. "Kimya gani kile, mama!"

Jumamosi iliyofuata Mama Bendera akamkunjia mumewe bendera, akamwonyesha tena ipi inatangulia, akamfungia kofia kidevuni. Kisha akakaa kibarazani peke yake, na vikombe viwili vya chai alivyomimina kwa mazoea. Honi ikalia ziwani. Ikalia tena, wakati isipotakiwa kulia, na makelele ya watu wenye heshima zao yakafika mpaka kibarazani.

Mama Bendera akafumba macho. Amechoka, Mungu anajua alivyochoka. Kisha akainama, akaanza kutafuta viatu vyake.