Akumu na Panga Mbele ya Mkwe

"Mama Rebeka, hivi kweli utamkata mtu na hilo panga?" Odeta, jirani yake, alimwuliza Akumu siku moja mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Akumu alikuwa anapasua sangara. Akacheka.

"Mpaka leo nimekata samaki tu. Mungu anisaidie nisizidi hapo."

Akumu alizaliwa Shirati, akaolewa huku kwetu Pasiansi, akafiwa na mume mapema. Watoto watano amewalea kwa kubanika samaki. Mwaka 1994, viwanda vya minofu vilipotaka sangara wote, mwaloni akaletwa wakala wao kutoka mbali. Akaweka sheria zake: mwanamke asinunue samaki mtumbwini. Aliyekaidi alipigwa virungu na mgambo wake, na samaki wakamwagiwa mafuta ya taa. Mwisho akatangaza kwamba Alhamisi majiko yetu yote ya kubanikia samaki yatavunjwa.

Alhamisi hiyo tulijipanga mbele ya majiko, wanawake ishirini na wawili, huyu na panga, yule na mchi. Mimi nilishika mchi huku nasali damu isimwagike. Akumu alisimama mbele kabisa.

Mgambo wakaja, wakala akiwafuata na gari lake. Aliyewaongoza alikuwa Maige, mume wa Rebeka, binti wa Akumu. Wakala hakulijua hilo. Angekuwa mtu wa huku asingemtuma, maana kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe, hata kula pamoja hawali.

Akumu hakuondoka. Maige alipomwona akasimama palepale, akainamisha macho, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Pita wewe!" wakala akafoka. "Unaogopa bibi kizee?"

"Bosi, huyo mama mkwe wangu. Kumkaribia tu siwezi, sembuse kumsukuma."

"Pita basi, mkwe!" Odeta akamchokoza. "Mshike mama mkono!"

Mgambo wengine wakaangua kicheko, wakaweka virungu chini. Nao wana wakwe. Wakala akajikuta peke yake na sisi wote na mapanga yetu. Akapanda gari lake, na hakurudi tena. Wiki iliyofuata tulinunua samaki mtumbwini kama zamani, na hakuna aliyekatwa hata kidole. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi.

Ila Maige aliona aibu kwa kumwendea mkwe na kirungu, akaacha kabisa kufika kwa Akumu, na wajukuu hawakuletwa. Jumapili baada ya ibada Akumu akanivuta pembeni.

"Dada, nenda kwa Maige. Mwambie aje Jumapili ijayo na watoto. Nitapika, na mimi nitakaa jikoni mpaka amalize kula."