Minyoo Wangu, Minyoo Wake

Hapa Woodley mtu huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi sina mtoto wala mke, nina mbwa tu, kwa hiyo mama mwenye nyumba aliniita Baba Mbwa, na jina likashika. Sikulalamika. Wikendi nzima yaweza kupita nisiseme na mtu mwingine ila huyo mbwa, naye habishi sana.

Tumbo liliponizidi, nilipimwa kliniki pale Dagoretti Corner. Nikaambiwa nina minyoo mjeledi, wembamba upande mmoja, wanene upande mwingine.

"Mko wangapi kwa nyumba?" daktari akauliza. "Wote mmeze dawa."

"Tuko wawili."

"Mke wako naye anaumwa?"

"Anaharisha wiki hii. Amekonda, amejificha chini ya kitanda."

Daktari akaweka kalamu chini. Ikabidi nimweleze kuwa ni mbwa. Akacheka, akasema huyo ana madaktari wake.

Niliporudi, mama mwenye nyumba akanisalimia langoni. Mtu akinisalimia mimi humweleza kila kitu.

"Aki Baba Mbwa, si ni huyo mbwa amekupa! Na wajukuu wangu wanacheza hapo nje. Jumapili nisimpate hapa."

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa mifugo, nikijipanga njiani nitakavyomuaga. Choo chake kikapimwa. Naye ana minyoo mjeledi. Nikauliza:

"Sasa nani alimwambukiza mwenzake?"

"Hakuna," daktari akasema. "Wake ni wa mbwa, amewaokota kwa udongo wenye mavi ya mbwa. Ni nadra sana hao kumwingia mtu. Wako ni wa watu. Mboga unaosha?"

Nikakumbuka dhania, majani ya kachumbari, ninayonunua soko la Kangemi. Kuiosha kwangu ni kuionyesha maji ya mfereji tu.

Nikamrudia mama mwenye nyumba na habari hizo.

"Kwa hivyo mchafu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Basi mbwa abaki, na mavi yake uzoe kila asubuhi. Wewe ndiye nitafikiria kama nikuhamishe."

Jioni nilificha dawa ya mbwa ndani ya kipande cha ini, nami nikameza yangu kwa maji. Nilipaswa kufurahi, lakini nilisikia kawivu fulani. Miaka yote hii chumba kimoja, na hata ugonjwa kila mtu ana wake. Yeye akala ini, akatema dawa sakafuni. Nikaiokota, nikaanza kumbembeleza upya.