Mizizi Myembamba ya Muhogo

Vita vilipofika bondeni, mimi na dada yangu mkubwa tulijificha vichakani juu ya kijiji chetu cha Kasenga pamoja na watoto wake wawili. Shamba letu la mihogo lilikuwa chini yetu, na watu wenye bunduki walilipita kila siku. Wangeona shina limeng'olewa, wangejua wenye shamba wako karibu. Kwa hiyo tulichimba kama watu wa kwetu wanavyochimba wakati wa njaa: unafukua ubavuni, unakata muhogo mmoja, unafukia, shina linabaki limesimama.

Mimi nilisisitiza tusiguse mizizi myembamba. Nilikuwa nimesoma habari zake katika kitabu cha shule cha Kifaransa kisicho na jalada. Muhogo wenyewe, ule mzizi mnene, ni ghala tu. Ile myembamba ndiyo inayolisha mmea: karibu na ncha zake kuna vinyweleo vinavyofyonza maji pamoja na chumvi za udongo zilizoyeyuka ndani yake. Maji hayo huingia katikati ya mzizi, kwenye mirija inayopanda hadi majani.

"Mwalimu bila darasa," dada alinidhihaki. "Weye chimba, batoto iko na njaa."

Asubuhi moja alishuka peke yake, akachimba kwa panga kuzunguka mashina. Alifukia vizuri. Lakini kufikia saa sita mashina saba yalikuwa yamelegeza majani, yamepangana mstari kutoka njiani hadi karibu na kichaka chetu.

"Yaya," nilimwambia dada, "umekata ile myembamba."

"Nilisikia watu, nikachimba haraka," alisema.

Hatukuweza kuhama, mlima juu yetu ulikuwa mtupu, bila hata kichaka. Nilishuka nikitambaa kwa tumbo, kisu mkononi, nikakata mizizi myembamba ya mashina mengine ishirini, mstari mrefu zaidi wa kuwapoteza, kuelekea mtoni. Jua likamaliza kazi.

Alasiri walikuja wanaume watatu. Mmoja alishika jani lililolegea, akatazama juu kwetu. Dada alimziba mtoto mdogo mdomo. Kisha yule mtu akageukia mstari mrefu, wakaufuata.

"Kule mutoni iko watu?" dada alininong'oneza.

Nilikuwa nimehesabu mashina na kupima mwelekeo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Tulikaa tukisikiliza upande ule, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.